Sura ya Nne: Kanda la Usufi

Kwenye lango la Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mwongozaji wetu alilishika shanta langu kwa mkono mmoja, akaliinua mpaka usawa wa goti, kisha akalirudisha chini polepole.

"Kijana, umehama nyumba?"

Alikuwa mzee wa Nanyuki, kazi ya mlima ameianza akiwa mpagazi, na mkono wake ulikuwa mizani tosha. Mizani ya langoni ilipotoa jibu lake, ilisema kilo 22. Mimi mwenyewe nilikuwa na kilo 68. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa kuwa ndimi niliyeshikilia kwamba safari hii tusichukue wapagazi. Kila mtu abebe chake kwa siku tano, tupande kwa njia ya Sirimon, tupite kilele cha Point Lenana, tushukie Chogoria. Nililisema hilo nikiwa Mombasa, kwenye baraza, na kikombe cha kahawa mkononi. Mzee hakunikemea. Alisema tu kwamba kwao wapo watu wa pwani waliokuja kufanya kazi mlimani, na kwamba mmoja wao alimfundisha methali: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni na nilidhani naijua. Usufi ni ile pamba nyepesi ya msufi inayojazwa kwenye mito. Kanda zima la usufi hata mtoto hulibeba. Ukiutazama mzigo ukiwa juu ya mgongo wa mwingine, basi wote ni usufi. Nilichokuwa sijakiwaza ni kwamba sisi wenye kuandika orodha za vifaa mara nyingi huwa tunaandika kwa ajili ya mgongo wa mtu mwingine, hata pale ambapo mgongo huo ni wetu wenyewe wa kesho kutwa.

Mwingereza Halford Mackinder alipokuja kuupanda mlima huu mwaka 1899, nyuma ya Wazungu wachache wa msafara wake walitembea Waswahili zaidi ya 60 na Wakikuyu zaidi ya 90. Yeye na watu wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, wakawa watu wa kwanza tunaowajua kwa majina kufika Batian, kilele kikuu chenye mita 5,199. Mtu mwenye migongo mia na hamsini hana haja ya kujiuliza aache nini. Swali la kipi ni muhimu halijamfikia bado.

Waliofikiwa na swali hilo barabara ni Waitaliano watatu, miaka 44 baadaye. Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walikuwa wafungwa wa vita katika kambi ya Waingereza karibu na Nanyuki. Kila asubuhi ukungu ulipopanda waliuona mlima, na kila jioni walirudi kuhesabiwa. Benuzzi akaamua watoroke, waupande, kisha warudi wenyewe kambini. Hakukuwa na duka. Nyundo ziligeuzwa mashoka ya barafu. Vyuma chakavu vikakatwa na kukunjwa kuwa meno ya kufunga chini ya viatu. Kamba walizisokota kutokana na katani ya nyavu za vitanda walivyolalia. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyochapishwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo kutoka kwenye mgao wao wa kambini.

Walitoka Januari 1943, wakakaa nje siku 18. Batian iliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana wakasimika bendera ya Italia, kisha wote watatu wakarudi kambini na njaa kali, wakajisalimisha. Adhabu yao ilikuwa siku 28 za kifungo cha peke yao, na mkuu wa kambi akazipunguza zikawa 7. Benuzzi baadaye aliandika kitabu juu ya safari hiyo, na kila nikimfikiria sifikirii ushujaa wake, nafikiria ile kamba. Mtu aliyefumua kitanda chake ili apate kamba hawezi kusahau kamba ni ya nini. Sisi tunanunua kwanza, halafu tunatafuta kazi ya kile tulichonunua.

Kilo zangu 22 zilikuwa na nini? Suruali mbili za jinsi. Taulo kubwa. Sufuria mbili na mifuniko yake. Maharage makavu kilo moja na nusu. Kipande cha godoro la sponji, kimekunjwa na kufungwa kwa kamba. Vitabu viwili. Betri akiba za kuwashia mtaa. Koti moja zito la ngozi nililoliona la heshima. Na mfuko wa kulalia kutoka Gikomba, ulioandikwa nyuzi 10 chini ya sifuri, nilioununua kwa fahari kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba ni kamera. Wasiojua lugha ya mitumba ya Nairobi: kamera ni kile kinachochaguliwa kwanza belo likifunguliwa, na fagia ni kinachobaki sakafuni.

Siku ya kwanza hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, niliteseka mabega tu. Ya pili ndiyo ilinifundisha. Kutoka Old Moses unavuka mabonde mawili na kuingia bonde la Mackinder, lobelia na maseneo makubwa yamesimama pande zote kama watu waliovaa makoti ya manyoya, na mwisho wa bonde ni kambi ya Shipton's, mita 4,200, chini kabisa ya vilele. Saa nane mchana mvua ilianza, ikageuka mvua ya mawe, ikarudi kuwa mvua. Tulifika saa kumi na moja. Nilikuwa nimevaa jinsi.

Pamba ni rafiki wa mtu wa pwani. Inakunywa jasho, inakauka taratibu, na huko kukauka taratibu ndiko kunakotuburudisha Mombasa mwezi wa pili. Mlimani sifa hiyo hiyo ndiyo ubaya wake. Jinsi iliyolowa hung'ang'ania maji, na maji hayo yakijaribu kukauka yanachukua joto la mapaja yako. Sufu, hata ikilowa, bado huhifadhi joto kiasi fulani. Polista hainywi maji mengi, ukiikamua inakaribia kukauka. Ndiyo maana sweta chakavu la flisi linalouzwa bei ya chapati kwenye soko la Toi lina thamani kuliko koti langu la ngozi, ambalo lilipolowa sikuweza hata kulikunja.

Hesabu ya baridi si siri. Kwa wastani joto hupungua kama nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Nanyuki iko karibu na mita 1,950. Mchana wa nyuzi 20 pale unakuwa kama nyuzi 5 Shipton's, na hapo jua bado liko. Usiku maji ya kwenye sufuria huganda. Na kwa kuwa kupanda Lenana huanzwa saa tisa usiku ili kufika juu alfajiri, ile saa ya baridi kupita zote si saa ya kuwa ndani ya mfuko wa kulalia, ni saa ya kuvaa viatu.

Nilipolala, kwanza sponji. Nilidhani godoro ni godoro. Lakini sponji ina matundu yaliyounganika, inakunywa maji kama inavyokunywa sifongo ya jikoni, na yangu ilikuwa imefungwa nje ya shanta mchana kutwa. Nililalia maji. Mwenzangu alikuwa na mkeka mwembamba wa povu lililofumba, ule ambao vijana hufanyia mazoezi ya viungo, wa gramu mia nne na kitu. Akalala. Kumbe mfuko wa kulalia, hata uwe mnene vipi, upande wa chini hukandamizwa na mwili wako, hewa ikatoka, na hewa ndiyo iliyokuwa inakukinga. Chini umebaki wewe na ardhi. Mtu mwenye mfuko wa wastani na mkeka mzuri hulala vizuri kuliko mwenye mfuko wa kifalme juu ya ardhi tupu, na laiti ningelijua hilo, fedha zangu zingegawanyika vingine.

Halafu ile namba. Ulaya kuna kanuni ya kupima mifuko hii tangu 2002, nayo, kwa upande wa baridi, hutoa namba tatu. Ya kwanza ni ya raha: mwanamke wa kawaida atalala bila kutetemeka. Ya pili ni ya mpaka: mwanamume wa kawaida, akiwa amejikunja, ataumaliza usiku. Ya tatu ni ya kunusurika: mtu atavumilia saa sita bila kufa, ingawa baridi yaweza kumdhuru. Lebo ya wangu ilikuwa imeandika kwa herufi kubwa namba ile ya tatu. Namba ya raha ilikuwa pembeni, kwa maandishi ya mchwa: nyuzi 6 juu ya sifuri. Muuzaji hakunidanganya. Alinisomea kilichoandikwa kwa herufi kubwa, nami nikaridhika.

Saa nne usiku mzee alikuja na tochi kutuangalia, akanikuta nimekaa. Hakusema mengi. Alichemsha maji, akayamimina kwenye chupa yangu ya chuma, akaivisha soksi, akanipa niiweke tumboni. Asubuhi maji yale yakawa ya kunywa. Hicho ndicho kifaa bora nilichowahi kupewa mlimani, na kilikuwa tayari kwenye shanta langu tangu Mombasa.

Tangu usiku ule nimekuwa na namna moja tu ya kuchagua. Sijiulizi "Je, kitu hiki kitanifaa?" Kila kitu kitafaa, hata jiwe la kusagia litafaa. Najiweka Shipton's, saa tisa usiku, mvua imenyesha, mikono imekufa ganzi, halafu nakiuliza kitu chenyewe kitafanya nini. Taulo halina la kusema. Mkeka una maneno mengi.

Kwa mtihani huo, vitu vitatu vinavyokula uzito mkubwa ndivyo vya kufikiriwa mwanzo: shanta lenyewe, hema, na matandiko. Hapo ndipo kilo zinapotoka kwa mafungu. Mtu anayekata mpini wa mswaki huku amebeba hema la turubai anajifurahisha. Shanta la lita 50 hadi 60 linatosha siku tano, na ukinunua la lita 80 utalijaza, hiyo ni tabia ya binadamu na mashanta. Kitu cha kutazama si mifuko ya pembeni bali mkanda wa kiunoni. Mkanda mzuri, ukiufunga juu ya mifupa ya nyonga, unahamisha sehemu kubwa ya mzigo kutoka mabegani kwenda miguuni. Langu la kwanza lilikuwa na utepe tu, kazi yake kulizuia lisiyumbe. Vaa shanta dukani likiwa limejaa, zunguka nalo robo saa, na muuzaji akinung'unika mwache anung'unike.

Kuhusu hema na koti la mvua sitaki kusema mengi, isipokuwa hili la mitumba: kitambaa huzeeka kwa ndani. Geuza koti. Ukiona utando mweupe unabanduka kama ngozi iliyoungua jua, au utepe wa mishono unaachia, hiyo ni kanzu ya kawaida, si koti la mvua. Mimina maji begani, subiri, shika kwa ndani. Yale makoti ya mpira wanayovaa madereva wa boda hayavuji hata tone, ila ukipanda nayo utalowa jasho. Bado nayaona bora kuliko koti la bei lililobanduka. Na kinga ya kulifunika shanta haitoshi, maji hupita mgongoni. Ndani kunahitajika mfuko mzito wa kukunja mdomo, kama ule wa wavuvi. Zamani tungetia mifuko ya plastiki, lakini Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, chupa za maji zikiwamo, haziruhusiwi kabisa katika hifadhi. Chupa ya chuma basi ni lazima, na mzee alishanionyesha kazi yake ya pili.

Viatu. Hapa ningekaa siku nzima. Kosa langu la viatu halikuwa la safari ile, ni la safari ya pili, na lilikuja kwa mtu aliyejiona ameshajua. Nilinunua buti za mitumba, jina kubwa, ngozi inang'aa, soli haijalika hata kidogo. Nilifurahi. Sikujiuliza kwa nini buti za miaka mingi hazijavaliwa. Lile povu lililo kati ya soli na ngozi mara nyingi hutengenezwa kwa poliyurithani, na poliyurithani huoza kwa unyevu wa hewa hata ikiwa imekaa kabatini. Kadiri kiatu kinavyokaa bila kuvaliwa ndivyo kinavyokufa kimyakimya. Soli ya kulia ilibanduka juu ya ziwa Michaelson, ya kushoto ikafuata baada ya nusu saa kwa adabu. Nilishuka Chogoria nimefunga viatu kwa vipande vya kamba ya hema. Siku hizi nakikunja kiatu, nabonyeza povu kwa kidole gumba. Likibaki na shimo au likitoa unga, nakirudisha sakafuni kwa fagia wenzake. Kingine: nunua kikubwa kidogo, maana kushuka kutoka Lenana ni vidole vya miguu kugonga mbele kwa saa nyingi. Na kivae kwanza kwenye vilima vya Ngong, na shanta limejaa, upepo wa pale ni shule nzuri.

Lakini buti zenyewe si amri ya kila mlima. Ruwenzori, upande wa Uganda, watu huvaa gambuti siku nzima, waongozaji na wageni sawia, kwa sababu njia ni matope na vinamasi na buti ya bei huko ni ndoo ya kubebea maji. Ukipeleka orodha ya Mlima Kenya Ruwenzori utachekwa, na ukiileta ya Ruwenzori hapa utapata malengelenge kabla ya Old Moses.

Jikoni nitawapitisha haraka. Shipton's maji huchemka kwenye kama nyuzi 86. Yanaua vijidudu vizuri tu, lakini maharage yangu yalichemka saa mbili unusu na yakabaki vile vile, mpaka gesi ikakaribia kwisha, mzee akayaita changarawe. Uji, tambi na nyama iliyokaushwa havina ubishi. Karanga zina mafuta, na gramu ya mafuta hutoa kalori 9 dhidi ya 4 za wanga, kwa hiyo begani karanga ni rahisi kuliko mkate. Tende nazo hazina ubishi. Mtungi mdogo wa gesi hudorora kwenye baridi, maana butani hugeuka kuwa hewa kwa shida kwenye baridi kali. Lala nao miguuni, au tafuta mtungi wenye propani. Dawa ya klorini ya maji pia hufanya kazi pole pole kwenye maji ya baridi, iache muda mrefu zaidi ya ulioandikwa. Na funga chakula. Pimbi wa Shipton's wamezoea watu, wananona kuliko paka wa Mji wa Kale.

Tochi ya kichwani, ramani na dira hata kama simu inayo ramani, kwa kuwa betri ya simu hufa kwenye baridi mapema kuliko unavyodhani. Filimbi: milio sita kwa dakika moja, nyamaza dakika, rudia. Miwani ya jua. Dawa ya maumivu na plasta. Kwa maumivu ya kichwa ya kimo yanayozidi, kwa kutapika na kupepesuka, hakuna kifaa. Dawa yake ni kushuka, usiku huo huo.

Kuna kundi moja la watu ambao hawaandiki orodha kamwe. Ng'ambo ya mpaka, Kilimanjaro, wapagazi hujiita wagumu, na kanuni ya hifadhi ni kwamba mgumu asibebeshwe zaidi ya kilo 20. Huko kuna mradi ulioanza mwaka 2003 wa kuwaazima wapagazi makoti na viatu bure, kwa kuwa wapo waliokuwa wakipanda kwenye theluji na nguo walizonazo. Yaani aliyebeba mfuko wa kulalia wa nyuzi 20 chini ya sifuri huenda alilala na sweta. Mzee wetu alinisimulia hayo tukishuka, bila uchungu wowote, akiwa amebeba shanta lake dogo ambalo hata mara moja sikumwona akilifungua kutafuta kitu bila kukipata.

Niliporudi Mombasa nilimwaga kila kitu sakafuni, nikatenga mafungu matatu: nilichotumia kila siku, nilichotumia mara moja, na ambacho hakikuguswa. Fungu la tatu lilikuwa refu kuliko yote mawili. Nikaondoa lote, nikabakiza kisanduku cha dawa na filimbi, vitu ambavyo mtu hushukuru visipoguswa. Jinsi zikarudi kabatini. Kikoi kilipita ingawa ni pamba, kwa sababu hakivaliwi njiani. Ni shuka, ni kitambaa cha uso, ni cha shingoni usiku. Mkeka wa povu ukanunuliwa. Lengo nililojiwekea ni moja ya tano ya uzito wa mwili wangu, yaani kilo 13.6 pamoja na maji na chakula.

Nilikwenda kwa muuza viazi wa mtaa wetu, nikaomba kupima kwenye mizani yake. Kilo 14. Nikafungua shanta pale pale mbele ya wateja, nikatoa sufuria ya pili, kitabu, na soksi za ziada za ziada. Sindano ikasimama 13.6 na kidogo. Muuza viazi akachungulia ndani, akaona kibakuli cha ukindu kilichobaki juu, nusu kilo nzima.

"Na hii halua je?"

Nikafunga zipu.